Paja la Mbuzi Mkononi mwa Lemburis

Kitendawili, mjukuu wangu uliyeshika simu.

Anakula mchana na usiku, hatafuni, hashibi, na kila anayemwona anasema amenenepa.

Umeshindwa? Basi nipe mji, nikusimulie.

Enzi za Mjerumani, huku kwetu Sokon, mnyapara wa mzungu mmoja mwenye shamba alifika kwa Nanyori na kikaratasi kigumu.

Nanyori alikuwa mjane, mama aliyemzaa babu yangu Loishiye. Mwanawe mkubwa, Lemburis, alichukuliwa na mnyapara huyohuyo wakati wa masika, akapasue mawe ya mfereji wa shamba. Tangu hapo kimya.

"Mama, unalia nini?" mnyapara akamwambia. "Mwanao huyu hapa."

Ilikuwa picha. Pale kijijini hakuna aliyewahi kuona picha.

Lemburis kakaa kwenye kiti, kanzu nyeupe pee, paja la mbuzi mkononi.

Wazee wakasongamana. Shemeji yake Nanyori akacheka hadi akakohoa.

"Kumbe kijana ananenepa, sisi huku tunatafuna ndizi."

"Kesho nachukua wengine," mnyapara akasema. "Na huyu mdogo wake."

Loishiye macho yakamng'aa.

Nanyori aliitazama ile picha. Akaigeuza nyuma, kama anayetafuta watu waliojificha.

"Mwanangu ni morani. Morani hali nyama peke yake, wala hali mbele ya mwanamke. Mimi niliyemzaa sijawahi kumwona akiitafuna. Wenzake wa rika wako wapi? Alikula na nani?"

"Mama, unabishana na macho yako?" mnyapara akasema.

"Shemeji, umeonyeshwa, bado unauliza. Wivu huo."

"Sikuuliza nimeona nini. Nimeuliza alikula na nani."



Asubuhi vijana wakaondoka wanaimba, Loishiye mbele.

Hapa ndipo damu hunichemka, mpaka leo. Wale wazee mila hiyo waliijua tangu wanachunga ndama. Waliijua! Kikaratasi kimoja kikawafanya waisahau, wakatoa watoto wao kwa mikono yao.

Na ninyi mnaniletea simu: "Bibi, ni kweli, hii hapa, tazama." Nitazame nini? Mwenye mashine alisimama wapi? Pembeni ya picha kulikuwa na nini asichotaka nikione? Niambieni hayo kwanza, ndipo mniambie ni kweli.

Loishiye alirudi wakati wa vuli, kupitia msituni, usaha mgongoni kwa viboko. Mbavu unazihesabu.

Nanyori hakupiga yowe. Alimkalisha, akamwekea kibuyu cha maziwa, akatoka nje ili mwanawe anywe bila kuonwa na mama.

Aliporudi, kibuyu kilikuwa vilevile.

Akauliza lile swali lake.

"Ndugu yako alikula na nani?"

Loishiye akainamisha kichwa.

"Hakula, yeyo, mama yangu. Kanzu ni moja, kiti ni kimoja, na paja ni lilelile, limekauka kama kuni. Unakalishwa, unashikishwa, wakishapiga picha wanakunyang'anya, unarudi kwenye mawe. Siku ile unaonyeshwa, Lemburis alikuwa ameshafukiwa kando ya mfereji."

Akakisukuma kibuyu kando.

"Na mimi walinikalisha. Picha yangu imepelekwa Kikatiti, kwa mama mwingine."