Babu wa Miavuli na Babu wa Burma

Mzee wa Kimarekani niliyekuwa nikimhudumia kule Carrollton alikuwa na ramani ya Ulaya ukutani, imechomwa pini nyekundu kila mahali divisheni yake ya askari wa kuruka kwa miavuli ilipopigana: Sisilia, Normandi, Uholanzi, kisha Ubelgiji kwenye theluji. Alikuwa anakaribia miaka mia. Dawa aliyomeza asubuhi haikumbuki, lakini safari ya Normandi anakusimulia mpaka aliyetapika ndani ya ndege.

Jumamosi sikuwa na wa kumwachia binti yangu wa miaka kumi na mmoja, nikawa naenda naye kazini. Mimi nabadilisha mashuka, yeye kakaa miguuni pa mzee na daftari lake. Niseme kweli, wivu ulinila. Nyumbani namwita mara tatu haitiki. Kule anauliza mwavuli ukigoma kufunguka inakuwaje.

Babu yangu naye alipigana vita hivyo hivyo. Alikuwa askari wa Keya, jeshi la kikoloni, Mwingereza akampeleka Burma. Hakuruka popote, alitembea. Zaidi ya hapo sijui.

Jumamosi moja, kwa mzee, nikaiona karatasi ya shule ya binti yangu. Waliambiwa wamwandike askari wa zamani, na uhusiano wao naye. Kwenye uhusiano kaandika: babu yangu. Damu ilinichemka. Nikamwambia afute, ana babu wa damu aliyepigana, amwandike huyo.

Alifuta bila ubishi, akafungua ukurasa mpya.

"Okay, Mama. Kwenye picha ame-wear nini?"

"Hakuna picha."

"So alikuambia nini?"

Nikaikumbuka arobaini ya babu, Tanga, nguo zake zinagawiwa. Shangazi alininyooshea koti la jeshi, zito, linanuka tumbaku. "Chukua wewe," akasema, "ndiye uliyekuwa mkewe." Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikasema nataka redio. Koti akapewa mlinzi wa jirani. Redio haikumaliza mwaka. Na miaka yote niliyomtilia babu maji ya kuoga, swali moja la vita sikumuuliza.

Binti yangu, kalamu mkononi, akauliza, taratibu, kama anaweza kurudisha alichofuta.

Nikamwambia arudishe. Kisha nikaingia jikoni kumpikia babu yake uji.