Nililipia full service ya baiskeli Mwanakwerekwe, kisha nkamchunguza fundi kwa siri

Wakuu, salaam zenu popote mlipo, wa visiwani na wa bara.

Haya nnayoyaandika yamenikuta mwenyewe, si ya shoga yangu wala ya jirani. Majina ndo nimebadilisha, na duka sitalitaja. Uzi huu nshauandika mara mbili nkaufuta kwa haya. Leo nauweka.

Kuna mwenzetu aliuliza humu kama kulipia full service ya baiskeli dukani kuna faida au ni kupigwa tu. Watu wakamjibu kwa mzaha. Mie nkanyamaza, maana jibu langu ni refu.

Nianze.

Mimi ni mama wa makamo, fundi cherehani, nakaa Amani. Nashona madera, na mzigo mwingi naupeleka kwenye maduka ya Mji Mkongwe. Naupeleka kwa baiskeli. Ndiyo, mwanamke wa buibui juu ya baiskeli ya gia, mtumba, kapu mbele na keria nyuma. Waliokuwa wakicheka washachoka.

Tabia yangu moja muijue mapema: nna shaka. Nikipimiwa sukari, macho yangu yako kwenye mizani. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nimekosea kazi, ningefaa forodhani kukagua mizigo.

Na cherehani yangu naifungua mwenyewe, naisafisha, naitia mafuta, naifunga. Kwa hiyo fundi akinambia maneno ya kitaalamu hanitishi.

Basi. Baiskeli ikaanza kulia kwenye pedeli, kra, kra, kila mzunguko. Breki nazo zikawa laini. Fundi wangu wa siku zote alikwenda Pemba msibani, akakaa huko. Siku moja niko Mwanakwerekwe kununua vifungo, nkaona duka jipya la baiskeli. Vioo, feni kubwa, na bango: FULL SERVICE.

Nkaingia kuuliza. Tajiri wa duka, mwanamme wa miwani, akanitajia kazi zote bila kuvuta pumzi. Magurudumu yote mawili yanafunguliwa, gololi zinasafishwa na kutiwa grisi mpya. Waya za breki zinabadilishwa. Gia zinarekebishwa. Na krenki, ule mhimili wa katikati unaozungusha pedeli, nao unafunguliwa.

"Krenki mnaifungua kweli?" nkamuuliza.

"Bi, hapa hatubabaishi watu."

Neno hilo ndo lilonitia wasiwasi. Mtu asiyebabaisha hana haja ya kulisema.

Nkamwambia ntaileta kesho. Nliporudi nyumbani nkachukua rangi ya kucha nyekundu, nkachora vimstari vitatu. Kimoja kwenye nati ya gurudumu la mbele, kimoja la nyuma, kimoja kwenye krenki. Kila kimstari kinaanzia kwenye nati na kumalizikia kwenye chuma cha pembeni. Nati ikizungushwa, mstari unakatika. Isipozungushwa, unabaki mzima. Nkapiga na picha.

(Mtasema ni ushushushu. Sawa.)

Kesho yake nkaipeleka, nkalipa. Fundi mwenyewe ni mtu mzima, tumwite Issa, ana aproni ya buluu na si msemaji. Akanambia njoo Jumamosi.

Jumamosi nkaikuta inang'aa. Imeoshwa, cheni nyeusi imekuwa ya fedha, na ule mlio haupo. Nkapanda mpaka nyumbani raha mustarehe. Kwa dakika kumi hivi nkajiona nimewadhulumu wale watu kwa dhana mbaya.

Kisha nkainama na miwani yangu.

Gurudumu la mbele, mstari umekatika. La nyuma, umekatika. Krenki: mstari mzima, mwekundu, kama nlivyouchora. Nkaipiga picha tena.

Hawakuifungua. Wamemwagia mafuta tu mlio ukanyamaza.

Wakuu, nlipata furaha mbaya. Ile furaha ya kuona kumbe ulikuwa sahihi. Na shaka ikishapata chakula haishibi. Nkaanza kujiuliza: na waya wa breki je? Mbona ala yake ya nje ni ileile? Labda wameufuta tu kwa kitambaa.

Nkaiegesha baiskeli ubavuni mwa cherehani, nkachukua spana ndogo ya mashine, nkalegeza nati inayobana waya wa breki ya mbele, nkauvuta waya nje. Ulikuwa mpya kabisa. Hapo Issa alifanya kazi yake.

Nkaanza kuurudisha. Mara mlango unagongwa, mama wa bibi harusi kaja kujaribu nguo, na ana haraka. Nkaubana waya, nkakaza nati, nkaminya breki mara moja kwa vidole viwili. Ikakamata. Nkaenda kwa mteja.

Jumapili asubuhi akaja mdogo wangu Zuhura kuazima baiskeli. Zuhura kazi yake ni kupaka hina. Maharusi wa mjini wanamgombania, maana mkono wake ukichora ua utadhani limechapwa. Alikuwa anakwenda Kidichi kwa shangazi yetu kuchukua mdalasini na karafuu.

Nkampa. Nkamwambia, "Imetoka service jana hiyo."

Kwenda hakuna tatizo. Kurudi, yuko kwenye mteremko na mzigo kwenye keria, gari ya wageni ikasimama ghafla mbele yake, watu wanataka kupiga picha. Akabana breki zote mbili. Ya mbele ikaingia tupu. Ya nyuma ikashika peke yake, tairi likateleza kwenye mchanga wa kando, naye akaruka kwenye mtaro.

Alivunjika kifundo cha mkono. Wa kulia.

Nlimkuta hospitali, mkono umeshafungwa plasta ngumu, anautazama. Hakulia. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Dada, vidole vitarudi kama vilivyokuwa?"

Nlikuwa na hasira, na hasira nlijua pa kuipeleka.

Jumatatu nkaenda dukani na simu yangu na picha zangu. Kulikuwa na wateja kama kumi. Nkasema yote, kwa sauti. Nkaonesha picha ya krenki kabla na baada. Nkasema hawa ni wezi, na wizi wao umemvunja mdogo wangu mkono.

Tajiri akageuka. "Issa! Krenki ulifungua?"

Issa akasimama na tambara mkononi. "Sikufungua. Kifungulio chake hatuna. Si ndiye wewe ulonambia nitie mafuta tu?"

"Na breki?"

"Breki nlifunga kwa mkono wangu, nkaijaribu barabarani. Wallahi ilikuwa inakamata."

Nkamwambia, "Usimtaje Mungu kwenye uongo wako!"

Watu wakaguna. Tajiri akaona jina la duka linachafuka mbele ya wateja, akachagua njia ya mkato. Akamwambia Issa avue aproni na aondoke saa ileile. Issa akaivua, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya meza, akatoka. Mie nkarudi nyumbani nkapost picha zote kwenye grupu la mtaa, pamoja na sura ya Issa nloipiga pale dukani. Nkapata pongezi nyingi.

Siku kama kumi zikapita. Asubuhi moja nafagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani, nkaona kipete kidogo cha chuma, washa. Nkadhani kimetoka kwenye mashine. Nkakijaribu huku na huku, hakina pahala.

Nkakitazama tena.

Nkaenda ukumbini ilipoegeshwa baiskeli tangu siku ya ajali. Breki ya nyuma, kwenye nati inayobana waya, ina washa ndogo. Breki ya mbele haina. Nkaweka kile kipete palepale. Kikakaa kama jicho kwenye tundu lake.

Bila washa ile, waya haubanwi sawasawa. Ukiminya kidogo unakamata. Ukiminya kwa nguvu zako zote, kwenye mteremko, unachomoka.

Nkaichomoa washa, nkaitia mfukoni.

Na sitawaficha, wazo la kwanza lilonijia ni kuitupa. Nani angejua? Tajiri keshamfukuza, Zuhura keshaamini, grupu lishasahau. Ilikaa mfukoni mwangu siku mbili, kila nikiinama kushona naihisi.

Nkaanza na Zuhura. Nkamwekea washa kwenye kiganja cha mkono mzima, nkamweleza. Akaifumbata.

"Mimi nshamuapiza yule mtu kila baada ya sala," akasema. "Kila sala, Dada. Kamtafute."

Nkaenda dukani, nkaeleza yote, nkaomba Issa arudishwe kazini. Tajiri wala hakushtuka. "Bi, nshapata fundi mwengine. Na krenki si hakufungua? Basi." Yaani lile kosa lake mwenyewe bado alikuwa anambebesha mwenziwe.

Issa nkamkuta nje ya soko la Mwanakwerekwe, kakaa juu ya kreti, anatengeneza magurudumu ya mikokoteni. Nkatoa salamu. Akaitika bila kuinua kichwa. Nkamweleza yote nimesimama, nkamwonesha ile washa, nkamwomba radhi.

Akaendelea kufunga spoku za gurudumu. Kisha akasema, "Siku ile ulizungumza mbele ya watu kumi. Leo umekuja peke yako."

Wakuu, neno lile lilinichoma.

Nkageuka pale pale. Kulikuwa na muuza ndimu, wachukuzi watatu na mama wa mihogo. Nkawaambia kwa sauti ileile ya dukani kwamba mimi ndiye nlofungua breki, mimi ndiye nlopoteza washa, na huyu nimemsingizia akafukuzwa kazi. Wachukuzi wakatazamana. Mama wa mihogo akasema, "Lahaula." Kisha nkafungua simu, nkaandika hivyohivyo kwenye grupu la mtaa, nkamwonesha kabla sijatuma. Akasoma neno kwa neno. Akasema, "Tuma."

Zile pongezi za siku ile hazikuja tena.

Wiki ilofuata nkampelekea baiskeli. Kifungulio cha krenki aliazima kwa fundi mwenziwe. Alipofungua, gololi zikatoka nyekundu kwa kutu, mbili zimepasuka. Akaniwekea kwenye kiganja. "Hesabu. Piga picha. Usije ukasema baadae."

Kila alichofunga alinifanya nikitazame. Breki akanibanisha mimi mwenyewe kwa nguvu zangu zote, mara tatu, kisha akamwita muuza ndimu awe shahidi. Sasa yeye ndiye mwenye shaka na mimi, na haki yake.

Zuhura keshafunguliwa plasta. Juzi alijaribu kuchora kwenye karatasi. Mstari unatetemeka kidogo kwenye kona. Anasema daktari kamwambia avumilie, na mimi namwona akificha zile karatasi nikiingia.

Jibu langu kwa yule alouliza: full service ina faida, ila usinunue jina. Taja kitu kimoja kimoja, uliza kama kifaa cha kufungulia wanacho, simama utazame, omba uoneshwe vilotolewa. Ukiwa na shaka, mrudishie fundi aifungue mbele yako. Usijifanye fundi wa kila kitu kwa kuwa unajua kimoja. Na kabla hujapost sura ya mtu, jiulize wewe mwenyewe ulishika nini.

Issa namsalimia kila nikipita, anaitika. Kwamba kanisamehe hajasema, na sijathubutu kumuuliza.

Waliowahi kumsingizia mtu kazi ikamtoka, mlifanya nini baadae? Na mafundi mlomo humu, semeni na nyinyi: mteja kama mimi mngempokea tena? Nasoma zote, hata za kunichamba.