Miwati Kwenye Kinyungu cha Bibi

Juzi nimeshuka kwenye lile bonde letu la Yakobi. Nilikuwa nimekwenda Njombe kwenye msiba, mazishi yakaisha mapema, nikasema basi, kabla sijapanda gari la kurudi Makambako nipite kwetu. Magoti yangu haya, rafiki yangu, usiniulize. Nilishuka kidogo kidogo, nimeshikilia nyasi, na nilipofika chini sikukuta hata tope la kunichafua viatu. Nikakaa juu ya kisiki. Nilichoka, na si kwa sababu ya kile kilima.

Pale palikuwa na kinyungu cha Bibi, mama yake baba. Kama hukukulia kwetu, kinyungu ni bustani ya bondeni, kwenye udongo mweusi wenye maji, inayolimwa kiangazi wakati mashamba ya mlimani yamelala. Enzi hizo za Mwingereza tuliamka ukungu haujainuka, baridi inauma vidole, Bibi kajifunga kaniki yake katangulia mbele. Yeye alikata matuta, sisi wajukuu tulizibua mifereji kwa mikono. Tulilia jamani! Lakini Krismasi ikifika, mahindi ya mlimani ndiyo kwanza yanachipua na maghala ya watu yamebaki vumbi, kwetu ilisikika harufu ya mahindi mabichi yanachomwa, na maboga, na njegere chunguni. Majirani wasio na kinyungu hawakununua. Walikuja asubuhi kusalimia, wakazungumza habari za mvua na za kanisa, wakaondoka na kikapu kimejaa. Ndivyo ilivyokuwa, na hakuna aliyeona aibu.

Bibi alikuwa na sheria moja nyumbani kwake: neno kubwa halijibiwi siku lilipofika. Iwe posa, iwe kuuza ng'ombe, iwe kuhama. "Lilazeni kwanza," alikuwa akisema. "Neno la mchana lina joto." Shangazi alipoposwa, washenga kutoka Kitandililo walilazwa pamoja na neno lao. Walinuna, wakala ugali wa ulezi, asubuhi wakapewa jibu zuri.

Sasa siku moja baba akarudi kutoka Makambako juu ya lori, anacheka kabla hajashuka. Alikuwa na miche ya miwati, ile miti inayouzwa magome, imefungwa kwenye gunia bichi. Mnunuzi wa magome, yale ya kutengenezea ngozi, aliigawa bure pale njia panda. Baba hakuwa mlafi, naomba unielewe. Alikuwa amechoka kumwona mama yake akihamisha mkeka kila nyasi za paa zikivuja. Alitaka bati.

"Mama, hii ni mali," akasema. "Jirani kapanda mlimani, miti yake inasuasua. Mimi napanda bondeni, kwenye maji. Nitamwacha mbali!"

Bibi akaweka ungo chini. "Baba, lilaze kwanza."

"Nikililaza miche itakauka."

"Itie mizizi mtoni, pale kivulini. Kesho tutazungumza."

"Kesho, kesho! Mama, ndiyo maana hatuendelei."

Akatuita sote, na kabla jua halijazama tulikuwa tumepanda miche katikati ya matuta ya Bibi. Bibi hakushuka bondeni. Alibaki akipepeta.

Wala usinisomee ile ya haraka na baraka, nimeshaisikia ya kutosha. Watu husema majuto ni mjukuu. Haya, mjukuu mwenyewe ndiye mimi. Miti ilistawi ajabu. Baba alikuwa akiipigapiga kwa kiganja na kumwita jirani aje aone. Lakini miwati hunywa maji, loo, inakunywa! Mifereji ikawa tope, tope likawa ufa. Kivuli kikaua maboga. Bibi alihamisha matuta yake kila mwaka, akibanwa pembeni, mpaka pembeni kwenyewe kukaisha.

Krismasi moja, jirani yetu yuleyule akabisha hodi asubuhi na kikapu cha mahindi mabichi. Kinyungu chake alikuwa amekiacha kama kilivyo. Bibi akakipokea kikapu kwa mikono miwili, akashukuru vizuri kabisa. Baba alijifanya anatafuta shoka nyuma ya nyumba mpaka jirani alipoondoka. Mimi roho iliniuma, na hata leo inaniuma.

Magome yaliuzwa hatimaye. Paa likawa la bati, na baba akaleta magunia ya mahindi kutoka Makambako. "Mama, sasa pumzika," akasema. Bibi akafungua gunia, akachota, na vidole vyake vikaanza kuchambua punje nene nene na kuzitenga kwenye kibuyu, mbegu za kinyungu.

Baba akamtazama. "Mama, utazipanda wapi?"

Bibi akasimamisha mkono. "Kweli," akasema. "Nimezoea tu, baba."

Hakumlaumu, si siku hiyo wala siku nyingine yoyote. Baba akatoka nje. Nilimkuta ameegemea ukuta analia, mtu mzima, mzee wa kanisa. Miwati ilishakatwa, lakini maji hayakurudi. Bibi hayupo, baba hayupo, na siku hizi mtu akiamka Yakobi na ghala tupu, huenda dukani.