Nilipoipa Mizani Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kikapu cha soksi. Nyumbani nilikuwa muuguzi, nimetumikia miaka mingi katika hospitali ya misheni karibu na Bungoma, lakini huku Marekani vyeti vyangu havikutambuliwa, basi nilimshukuru Mungu kwa hizo soksi. Chuo kilikuwa kidogo, upande wa Upper Marlboro, na chumba cha kufulia cha idara ya michezo kilikuwa chini kabisa ya jengo, hakina dirisha. Mkuu wa stoo, mzee mmoja aliyepungukiwa kidole, alinionyesha mashine akasema, "Jezi hazifuliwi pamoja na taulo. Ukichanganya, Jumamosi timu nzima itatoka na manyoya kama vifaranga." Nililishika neno hilo kama katekisimu.

Mwaka wa pili mkuu wa chumba cha matibabu alisikia kwamba niliwahi kuwa muuguzi, akaniomba niende kwake. Hapo ndipo nilipojifunza kazi. Kabla ya mazoezi tuliwafunga wachezaji vifundo vya miguu kwa plasta ndefu, tukiizungusha ili mguu usijipinde. Baada ya mazoezi tuliandaa mabeseni ya barafu. Na mwezi wa Agosti, timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ilipofanya mazoezi mara mbili kwa siku, tuliwapima uzito kabla na baada ya kila zoezi. Uzito unaopungua kwa saa mbili si mafuta, ni maji. Mchezaji asiyerudisha maji yake kabla ya zoezi la jioni anakaa nje, hata akilia.

"Andika unachokiona wewe, si unachoambiwa," mkuu wangu aliniambia, akigonga kioo cha mizani kwa kalamu. "Hiyo karatasi ndiyo kocha anayoitazama. Hatazami kitu kingine."

Sasa nieleze kosa langu, maana vijana mnaoingia katika kazi hizi hamtaliona kwenye vitabu vyenu. Wachezaji walipimwa wakiwa na chupi tu, kwa sababu nguo zenye jasho zina uzito wake. Hospitalini nilikuwa nimewaogesha wanaume wengi bila haya, lakini mgonjwa ni mgonjwa. Hawa walikuwa wazima, wanacheka, wana umri wa wanangu. Nilivyolelewa mimi, mama hawatazami vijana wake wakiwa hivyo. Basi niligeukia ukuta. Kila mmoja alipanda, akasoma uzito wake kwa sauti, nami nikaandika.

"Mama, huo ukuta una nini leo?" walinitania.

"Una sura nzuri kuliko nyinyi."

Mmoja wao, Terrence, alikuwa akisoma Kiswahili hapo chuoni. Alimwamkia kila mtu shikamoo, hata wenzake, hata mashine ya soda. Alipopanda mizani alinitajia uzito wake kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Nilifurahi mno. Katika jengo lile lote ndiye peke yake aliyeniita kwa lugha yangu, na sikuwahi kudhani kwamba mtu angeweza kunidanganya kwa lugha hiyo.

Jioni moja ya joto kali alisema, "Mia mbili na saba, Mama." Niliandika ratili mia mbili na saba, maana huku hawapimi kwa kilo. Asubuhi alikuwa na mia mbili na nane, kwa hiyo alikuwa sawa. Akaingia uwanjani.

Nilikuwa kando na chupa za maji nilipomwona akipepesuka. Alipiga goti. Kocha, mtu mwenye sauti ya kusikika mpaka barabarani, alitazama karatasi iliyokuwa kwenye ubao mkononi mwake.

"Inuka, Terrence! Karatasi inasema uko sawa!"

Aliinuka, akapiga hatua chache, akaanguka kifudifudi. Nilipomgusa ngozi ilikuwa ya moto kama sufuria. Tulimtia katika beseni la barafu, mimi na mkuu wangu, huku akiongea maneno yasiyo na maana, mpaka gari la wagonjwa likafika. Aliishi. Lakini figo zake ziliumia, na hakucheza tena.

Kesho yake mkurugenzi wa michezo aliniita. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Maombi yangu ya ukaazi yalikuwa bado serikalini, na chuo ndicho kilichoniombea. Chuo kikiniachisha kazi, maombi yanakufa, nami narudi nyumbani na wanangu wawili katikati ya masomo yao.

"Karatasi haiwezi kuwa kweli," alisema. "Daktari anasema kijana alikuwa amekauka. Je, kocha alikuambia uandike uzito huo?"

Nilitazama meza. Nilivyofunzwa, mbele ya mkubwa unainamisha macho. Yeye aliona kitu kingine.

"Kama unaogopa kusema, usiseme," aliniambia. "Nimeelewa."

Sikusema. Petro alikana mara tatu kwa kinywa chake. Mimi sikufungua kinywa hata mara moja, na ikatosha. Kabla ya juma kwisha kocha alikuwa amefukuzwa, kwa maelezo kwamba alimshinikiza mfanyakazi aandike uongo.

Misimu miwili ilipita, na ndani yake sikuwa na siku ya raha. Simu ya ofisi ikilia, nilidhani ni mimi naitwa. Mkuu wangu alistaafu, mkurugenzi akahama. Akaja mkurugenzi mpya, mama aliyependa mambo yawekwe wazi, akakuta wachezaji wa zamani wameandika barua: kocha aitwe arudi, au angalau chuo kipatane naye. Wazazi wengine walipinga vikali. Mkurugenzi akaitisha kikao, akataka kila aliyekuwepo aseme maoni yake. Katika orodha ya wafanyakazi jina langu lilikuwa la kwanza.

Nilimweleza dada mmoja wa kanisani kwetu Beltsville, Mkenya mwenzangu anayewatunza wazee majumbani.

"Nyamaza, dada yangu," alisema. "Huyo kocha atapata kazi nyingine. Wewe utapata nchi nyingine? Ngoja karatasi za ukaazi zitoke kwanza, ndipo uwe mtakatifu."

Tulicheka sote wawili.

Siku mbili kabla ya kikao Terrence alikuja chumba cha matibabu. Alikuwa amekonda. Hakusema shikamoo.

"Mama, utawaambia nini?"

"Kwamba niligeukia ukuta."

"Basi watajua kwamba nilidanganya. Mama yangu mzazi ametembea kanisani miaka miwili akimlaani kocha. Mimi nitamwambia nini?"

"Sitataja jina lako. Nitasema la kwangu tu."

"La kwako ndilo langu," alisema, akaondoka.

Usiku kabla ya siku ile sikulala. Nilimwomba Mungu aniondolee hofu, na hakuniondolea. Niliingia kikaoni nayo yote. Wazazi walisema yao, wachezaji wa zamani wakasema yao, na mkurugenzi akanigeukia.

Nilisema, "Kocha hakuniambia niandike chochote. Uzito ule sikuusoma. Niliusikia tu, nimeipa mizani mgongo. Nilipoulizwa nilinyamaza, kwa sababu niliogopa kurudishwa kwetu."

Kisha nikasikia kiti kikisogezwa nyuma kabisa ya chumba. Alikuwa Terrence, amesimama kando ya mama yake.

"Mia moja tisini na saba, Mama," alisema kwa Kiswahili. Kisha akawageukia wengine na kuwaeleza kwa lugha yao kwamba huo ndio uliokuwa uzito wake wa kweli, na kwamba alificha kwa sababu aliogopa kupoteza nafasi yake. Mama yake alimshika mkono, lakini uso aliugeuza upande.

Mimi nilipewa barua ya onyo na kurudishwa kwenye soksi. Niliipokea kwa shukrani. Chuo hakikuniachisha, na karatasi zangu zilitoka baadaye, baada ya kungoja kwingi.

Juma lililofuata mkurugenzi alinichukua kwenda kwa kocha, Springfield, ambako alikuwa akifundisha mazoezi katika shule moja. Alitukaribisha jikoni. Niliyasema tena yale yale, na jinsi nilivyoitazama meza nilipoulizwa, macho yangu yakiwa mezani tena.

Kocha aliegemeza viwiko mezani. "Miaka miwili nilidhani ulinisingizia," alisema. "Kumbe hukusema kitu. Sijui lipi ni baya zaidi."

"Hata mimi sijui."

"Lakini nilimwona akipepesuka. Macho ninayo. Nikasoma karatasi badala ya kumtazama." Akamgeukia mkurugenzi. "Futeni uongo ulioandikwa juu yangu. Kazi siitaki. Msifute lile lingine, la kutomtazama."

Kisha akaniambia, bila ukali, "Mara ile ulitazama meza. Leo nitazame mimi."

Ilinigharimu kuliko kikao chote. Niliinua uso, nikamtazama machoni mpaka akaitikia kwa kichwa.

Chuo kilipatana naye kwa namna hiyo: barua ya kusahihisha, na kiti kwenye sherehe ya timu, ambako alikuja mara moja akakaa karibu na Terrence. Mama wa Terrence hakuja. Sikumlaumu.

Nimestaafu sasa, na Mungu amenipa wajukuu wanaonielewa nikisema Kiswahili, ingawa hunijibu kwa Kiingereza. Nilikuwa nimesharudishwa chumba cha matibabu siku nyingi, na siku ya mwisho nilimkabidhi binti aliyenirithi ile karatasi ya uzito. Aliniuliza kama nina ushauri. Nilimwambia aweke pazia, awape taulo, afanye atakavyo kuhusu kuona haya, lakini macho yake yawe kwenye kioo cha mizani. Akauliza kama na mimi nilifanya hivyo siku zote. Hofu ile ya zamani ilirudi, nikavuta kiti, nikamsimulia.