Mpaka wa Mamba

Mwishoni mwa mwaka 1997, maji ya Mto Tana yaliingia nyumbani kwa bibi yangu huko Wema. Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu, na niliamini, kama alivyoamini yeye, kwamba hayawezi kufika pale.

Imani yenyewe ilikuwa hivi: mamba hatagi mahali ambapo mafuriko yatafika. Kila kiangazi Bibi alitafuta ukingoni mahali mamba alipofukia mayai. Chini ya hapo ni pa mto. Juu yake ni petu, na ndipo tulipopanda mpunga.

Mwaka ule mamba alitaga karibu kabisa na maji.

"Mafuriko madogo, mke mwenzangu," Bibi aliniambia. Akashusha chungu cha mbegu, mpunga mwekundu aliorithi kwa mama yake, akaupanda wote bondeni. Chunguni hakubakiza kitu.

Mzee Guyo, mfugaji wa Kiorma aliyetuletea maziwa tukampa mchele, alikuwa akihamisha ng'ombe kwenda nyanda za juu.

"Mama, mawingu haya mimi sipendi. Nipe mbegu kidogo nikuwekee huko juu."

"Ukawapikie ng'ombe wako?"

"Ng'ombe wangu hawali wali. Na hawaombi mamba ruhusa."

Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Siku ile bado alikuwa na mbegu mbili tatu kwenye upindo wa leso. Alizikung'utia kuku.

Mvua ilinyesha bila kukatika. Mpunga ulikuwa umefika magotini maji yalipokuja, asubuhi, bila kishindo. Tulipanda juu ya ulingo wa miti wa kuwingia ndege wasile mpunga. Kutoka pale tuliona yai la mamba likielea, limeoza, likipita mlangoni petu. Bibi alilitazama mpaka likapotea.

"Hata yeye amedanganywa," alisema.

Wengine huiita imani ile ushirikina. Mimi sikubali. Mamba na Bibi walijifunza kwa mto uleule, nao mto uliacha mwenendo wake bila kumwarifu yeyote.

Maji yalikaa miezi. Yalipoondoka, mpunga ulikuwa umeoza wote. Nimeitafuta mbegu ile kijijini Kilelengwani na sokoni Garsen, sijaipata.

Msimu uliofuata Bibi hakwenda ukingoni. Alichota konzi ya mahindi ya msaada, ya chakula si ya mbegu, akayapanda.

Hayakuota.