Siku Sita Zilizokwisha Kuandikwa

Nimevuka arobaini na bado sanduku langu halikai juu ya kabati kama la watu wengine. Husimama pembeni mwa kitanda, na nikimaliza miezi mitatu mahali pamoja naanza kulitazama. Ugonjwa huo niliupata Maskati, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilipoanza kazi ya kushika nafasi za wauguzi wengine.

Nilikuwa na kidato cha nne, cheti cha uuguzi, na miaka minne ya wodi ya wanawake katika hospitali ya wilaya kule Kenya. Kliniki moja ndogo ya binafsi ndiyo iliyonichukua. Muuguzi akienda likizo, akijifungua, au akikosana na watu wa nyumba anayohudumia, nilipelekwa mimi. Wiki mbili hapa, wiki sita pale. Wenzangu waliniita Spea, kama tairi.

Nilipenda maisha yale, sitasema uongo. Mpaka leo nazikumbuka nyumba za mitaa ya Maskati kwa harufu kabla ya sura: Khuwair ya Kusini, ghorofa iliyonuka vitunguu vya jirani; Azaiba, rangi mbichi; Ghubra, udi. Lakini spea hulala kwenye godoro lenye bonde la mwili wa mtu mwingine. Hukuta sabuni bafuni imeliwa nusu. Watu humwendelezea mazungumzo ambayo hakuyaanza yeye, na baada ya siku chache hujikuta anayajibu.

Kule Ghubra nilipelekwa kumhudumia Bibi mmoja aliyepita themanini, Mwomani aliyezaliwa na kukulia Unguja. Aliishi na binti yake, mama wa makamo aliyekuwa na cheo wizarani. Mwaka uliotangulia Bibi alipatwa na kiharusi chepesi, akapona. Siku niliyokabidhiwa kazi, daktari wa kliniki alimwambia binti mbele yangu, "Cha pili hakitakuwa chepesi. Presha ikipanda, mleteni saa hiyo hiyo." Kazi yangu ilikuwa hiyo: kupima presha asubuhi na alasiri, kutoa dawa, na kuangalia.

Muuguzi niliyemshikia nafasi alikuwa Mkenya mwenzangu ambaye nilimjua kwa sura tu, kutoka kanisani Ruwi. Aliruka Ijumaa kwenda likizo. Mimi nilitarajiwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, lakini zamu yangu ya Khuwair iliisha mapema, nikaletwa Jumamosi, siku moja tu baada yake kuondoka. Ndara zake zilikuwa bado chini ya kitanda. Nilizijaribu. Zilinitosha kabisa, nikazivua haraka.

Binti alinipokea mlangoni.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba. Na hiyo madam iache ofisini. Niite dada."

Bibi alikuwa kitandani, amejifunika kanga, tasbihi mkononi. Nilimwamkia. Aliitikia, kisha akatazama nyuma ya bega langu, pahala patupu kati ya mlango na kabati, akasema, "Na weye hujambo?"

Niligeuka. Hakukuwa na mtu.

"Mama huchanganya siku," binti akasema. "Usijali, sista."

"Sichanganyi," Bibi akasema. "Huyu wa bara. Nnamsikia anavyosema, kama mtu kabeba kuni kichwani. Shi-ka-moo! Utaiangusha hiyo."

Nilicheka, naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha msichana. Nilimpenda hapo hapo.

Nikafungua faili. Wauguzi wanajua chati ya vipimo: safu ya tarehe, presha, mapigo, joto, maelezo mafupi, na mwishoni kijisanduku cha sahihi. Nilitafuta mahali mwenzangu alipoishia ili niendelee. Ijumaa ilikuwa imejazwa, na Jumamosi, siku ile niliyosimama ndani yake, ilikuwa imejazwa pia, asubuhi na alasiri. Nikateremsha kidole. Jumapili. Jumatatu. Yote ilikuwa kwa wino wa buluu na mwandiko mzuri wa kulala, mpaka Alhamisi alasiri. Vijisanduku vya sahihi tu ndivyo vilivyokuwa vitupu. Kuanzia Ijumaa karatasi ilikuwa nyeupe.

Nilielewa. Sisi huita kupika chati. Aliambiwa mtu wa kumpokea atakuja baada ya wiki, akaogopa kliniki isione mapengo, akazipika siku sita kabla hazijafika. Nilipaswa kupiga simu kliniki, nami sikupiga. Ilikuwa nyumba yangu ya pili tu kutumwa. Niliogopa kuitwa mchongezi, na zaidi niliogopa kurudishwa Kenya kabla sijaona nyumba ya tatu na ya nne. Nikajiambia nitapima mwenyewe, na namba zikitofautiana nitakata zake niandike zangu.

Nikafunga mkanda wa presha mkononi mwa Bibi, nikaweka stethoskopu, nikapuliza, nikaachia hewa. Pigo la kwanza lilisikika kwenye mia moja arobaini na mbili. La mwisho kwenye themanini na nne.

Chati ilisema mia moja arobaini na mbili, themanini na nne.

Nikasaini.

Alasiri mwenzangu alikuwa ameandika mia moja thelathini na nane, nikapata mia moja thelathini na nane. Jumapili asubuhi mia moja arobaini na nne, nikapata hiyo hiyo. Mara moja nilipima mara mbili, nikatoka kidogo, nikarudi nikapima tena. Namba ilikuwa inanisubiri.

"Weye wataka nini mkononi mwangu?" Bibi akauliza. "Mwenzio kashanipima."

"Nani, Bibi?"

"Si huyo."

Jumatatu mchana nilimletea wali na mchuzi wa papa. Akageuza uso ukutani. Nikabembeleza, nikashindwa, nikaenda kuandika. Pale kwenye Jumatatu, kwa wino wa buluu, palikuwa pameshaandikwa: amekataa chakula cha mchana. Nilikaa na sahani ya baridi mapajani. Nje, barabara ya mtaa ilikuwa nyeupe kwa jua, hakuna mtu, hakuna gari, madirisha yote ya jirani yamefungwa. Kiyoyozi kilizima, chumba kikanyamaza, na nilihisi kwamba mwenzangu hakuwa likizoni hata kidogo, yuko mbele yangu siku chache, anatembea ndani ya nyumba hii hii, na mimi namfuata nikikanyaga alipokwisha kukanyaga.

Jioni binti alinieleza kwa urahisi. "Jumatatu na Alhamisi Mama hufunga. Suna yake tangu Unguja. Daktari kakataza, hasikii. Dawa anakunywa magharibi. Mwenzako hakukwambia?"

Kwa hiyo hilo lilikuwa na sababu. Nilijicheka kidogo. Lakini namba hazikuwa na sababu, na sikumwambia binti habari zake.

Jumatano Bibi aliniamuru nifungue kasha lililokuwa chini ya dirisha. Juu palikuwa na kanga zisizovaliwa, chini yake kitambaa cheupe kilichokunjwa, kinanukia karafuu na kafuri.

"Kitoe kipate hewa."

Nikakitandaza juu ya kiti. Kilikuwa kirefu, hakina pindo wala mshono. Nilikuwa nimeshakinyoosha vizuri kwa viganja vyangu nilipotambua kuwa ni sanda.

"Imetoka Makka," Bibi akasema kwa fahari. "Imelowekwa maji ya Zamzam. Mbona umeiachia? Haiumi."

"Kwa nini leo, Bibi?"

"Ikishika ukungu utanivalisha nini, gauni lako hilo la kliniki?"

Binti alisema mama yake huipa hewa kila mwezi. Nilimwamini. Lakini nilipokwenda kuandika nilihesabu safu zilizobaki. Alhamisi asubuhi. Alhamisi alasiri. Kisha nyeupe. Wakati huo sikuwa nawaza tena kwamba mwenzangu aliishiwa na siku za kupika. Nilikuwa nawaza kwamba zilikuwa ndizo zote alizoziona.

Kule Omani siku hizo Alhamisi ilikuwa mapumziko ya wiki, hivyo binti alikuwa nyumbani. Asubuhi namba zililingana. Nikasaini. Bibi alikuwa amefunga, kimya kuliko siku zote, akasema kichwa kinavuma kama mashine ya kusaga. Baada ya adhuhuri niliingia kumtazama. Binti alikuwa ameketi sakafuni karibu na kitanda akikunja nguo. Midomo ya Bibi ilikuwa inahesabu tasbihi. Nikatazama mkono wa kulia. Kidole gumba kilikuwa kimesimama juu ya punje moja. Midomo ilikwenda, kidole hakikwenda, na mwenyewe hakujua.

"Dada, Bibi ameanza lini kuwa hivi?"

"Vipi? Swaumu hiyo. Mpime uone."

Nilifunga mkanda mkono wa kushoto, nikapuliza, nikaachia. Mia moja arobaini na sita. Faili lilikuwa wazi kitandani. Alhamisi alasiri: mia moja arobaini na sita.

"Kiasi gani?" binti akauliza.

Nikamwambia.

"Alhamdulillahi. Si ndiyo kawaida yake?"

Ilikuwa kawaida yake. Ningeweza kusaini na kwenda kulala. Bibi akanitazama, na jicho moja lilikuwa limechelewa kidogo kufika.

Nililifunga faili nikaliweka chini ya kitanda. Nilifanya kitu ambacho mwanafunzi wa uuguzi hufundishwa wiki ya kwanza, na ambacho sikuwa nimekifanya tangu nifike: niliweka vidole vyangu kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, nikaanza kupuliza bila stethoskopu. Mapigo yanatakiwa kupotea chini ya vidole ukishaipita presha. Kwenye mia na hamsini yalikuwepo. Kwenye mia sitini na tano, pale ambapo kila siku nilikuwa nasimama, yalikuwepo. Masikio yangu kwa siku sita yalisikia ukimya mahali pale, na sasa vidole vilikuwa vinagongwa, taratibu, kama mtu anayebisha ukuta kutoka upande wa pili. Mia themanini. Mia mbili.

"Sista, mbona unapuliza tu?" binti akasema. "Unamuumiza."

Yalipotea kwenye mia mbili na kumi na mbili.

Ndipo nikajua. Kuna wazee ambao mishipa yao imekakamaa, na mapigo yao husikika juu, yakanyamaza katikati, kisha yakasikika tena chini. Ukianzia kwenye ule ukimya wa katikati utadhani umefika juu kabisa. Anayepapasa mshipa kwanza hadanganyiki. Mimi sikupapasa, kwa sababu karatasi ilikwisha kuniambia mia moja arobaini na kidogo, na kila siku nilipuliza kupita namba ile kidogo tu. Zile tofauti ndogo, mbili huku, nne kule, sikio langu lilizikamilisha lenyewe. Liliambiwa lisikie nini, likasikia.

"Mia mbili na kumi na mbili," nikasema. "Twende hospitali."

"Umesema mia arobaini na sita sasa hivi!"

"Nilikosea. Dada, twende, washa gari."

Alinitazama mara moja tu, akatupa nguo. Nikalivuta faili kutoka chini ya kitanda nikalibana kwapani, tukambeba Bibi, yeye miguu, mimi mabega. Njiani, barabara kuu ya Ghubra ilikuwa tupu kwa joto, na Bibi kwenye mapaja yangu alikuwa ananong'ona hesabu yake bila kukosea.

Daktari wa zamu alikuwa kijana, hana maneno mengi. Walipomwekea dawa ya mshipani alichukua faili kutoka kwapani mwangu, akalipitia.

"Mpaka leo asubuhi alikuwa sawa," akasema. "Kwa hiyo imepanda ghafla, ndani ya saa chache."

Halikuwa swali. Alikuwa ameinua kalamu aandike. Ningenyamaza, karatasi ingenilinda: ilikuwa safi, imesainiwa, na siku moja muuguzi mwenzangu angerudi kutoka likizo asijue lolote. Lakini niliona kuwa anataka kumtibu Bibi kwa kufuata karatasi ile, kama nilivyompima mimi kwa kufuata karatasi ile.

"Hapana," nikasema. "Sijui imepanda lini. Hizo namba ziliandikwa kabla ya siku zake. Mimi nilipima vibaya nikasaini juu yake."

Alinitaka nirudie, nikarudia. Binti alikuwa kasimama nyuma yangu, amesikia mara zote mbili. Daktari akaweka rula kwenye chati, akapiga mstari kukata siku zote sita, akaandika pembeni: haijulikani. Akanipa kalamu nisaini hapo pia. Kisha akaenda haraka kupunguza kasi ya dawa, maana presha iliyokaa juu siku nyingi haishushwi kwa ghafla, akimwita muuguzi wa wodi.

Tukabaki wawili kwenye korido.

"Basi siku sita hizi," binti akasema polepole, "mama yangu alikuwa na nani?"

"Na mimi, dada."

"Na weye," akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Yallah. Nenda kapumzike. Dereva wa kliniki atakuletea nguo zako."

Kliniki ilinikata mshahara wa mwezi na kunipa onyo la maandishi, lakini watu walikuwa wachache, na baada ya wiki mbili nilikuwa Azaiba kwa mgonjwa mwingine. Bibi alitoka hospitalini akiwa anaongea, anatania, mkono wa kulia mzito. Hayo nilielezwa na dereva wa kliniki, kwa sababu nyumba ile sikukanyaga tena. Kila Bibi alipopimwa, dereva alisema, binti yake aliketi kitandani na kuweka vidole vyake mwenyewe kwenye kifundo cha mkono wa mama, akangoja mkanda upulizwe mpaka mapigo yapotee, ndipo akamruhusu muuguzi aweke stethoskopu masikioni.