Barua ya Sikuli Mpakani

Charline Masika, mshonaji wa mtaa wa Birere, alikuwa akiwapeleka wanawe wawili Kigali, ambako Kahindo, mwenye miaka sita, angepasuliwa jicho kesho yake. Mumewe, Sikuli, alikuwa Butembo kwa biashara, lakini barua yake ya kuruhusu watoto wavuke, yenye muhuri wa notaire, mthibitishaji wa hati, ilikuwa mezani kwa afisa wa mpaka.

Afisa akamwinamia Kahindo. "Papa yako iko wapi?"

"Alikufa."

Afisa akamgeukia Charline.

"Mama, hii barua ni ya juma hili. Siku hizi maiti inasaini?"

"Chef, iko muzima! Mumupigie!"

Afisa akapiga namba iliyo kwenye barua na kuweka sauti ya juu. Sikuli alipoitika, Kahindo akaisogelea simu.

"Papa, usikasirike. Ni Nyanya alisema leo ukufe kidogo, ndio batuache tupite."

"Mama yangu mwenyewe?" Sikuli akauliza.

Afisa akagonga mihuri bila kucheka. Charline akavuka akiwashika watoto mikono.